Charles Darwin na Miche ya Bustanini

Bila shaka umepata kusia mbegu katika kitalu cha shule. Ulilainisha udongo, ukauchanganya na samadi iliyooza vizuri, ukasia mbegu za mchicha au za nyanya katika mistari, ukazifunika kwa udongo kidogo, ukatandaza nyasi kavu juu yake na kumwagilia maji. Baada ya siku chache miche ikachomoza. Huenda asubuhi moja ulikuta mingine imelala chini, imekatwa shingo kana kwamba mtu amepita na mkasi, na mingine imepinda upande mmoja. Je, ulifanya nini? Wengi wetu huing'oa iliyokufa, husikitika kidogo, kisha husahau.

Katika sura hii utasoma habari za mtu ambaye hakusahau. Yeye aliihesabu miche iliyokufa, mmoja mmoja, na ile iliyopinda akaiuliza sababu ya kupinda kwake. Jina lake ni Charles Darwin.

Charles Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari, 1809, katika mji wa Shrewsbury nchini Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Mama yake alifariki Charles alipokuwa na umri wa miaka 8 tu. Darasani hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, lakini alipenda mno kukusanya wadudu, mawe na mimea. Mwaka 1825 baba yake alimpeleka Edinburgh kusomea udaktari. Siku hizo wagonjwa walipasuliwa bila dawa ya usingizi. Charles alihudhuria upasuaji mara mbili, na mara zote mbili alitoka mbio kabla kazi haijamalizika. Ikambidi aache masomo hayo, akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alipata mwalimu mwema wa elimu ya mimea, John Henslow, ambaye alimpendekeza kwa safari ya merikebu iliyoitwa Beagle.

Merikebu hiyo iling'oa nanga tarehe 27 Desemba, 1831, ikaizunguka dunia kwa muda wa miaka mitano hivi. Habari za safari ile ni ndefu, nazo utazisoma katika vitabu vingine. Hapa inatosha kujua kwamba Darwin aliporudi kwao mwaka 1836 alikuwa na masanduku ya viumbe vilivyokaushwa na maswali mengi kuliko masanduku. Mwaka 1839 alimwoa Emma Wedgwood, ambaye alikuwa binti ya mjomba wake. Mwaka 1842 walihamia kijiji cha Downe, katika jimbo la Kent. Darwin aliishi katika nyumba hiyo miaka 40, wala hakusafiri tena ng'ambo. Alisumbuliwa mara kwa mara na maradhi ambayo madaktari wake hawakuweza kuyaponya. Siku nyingine aliweza kufanya kazi saa chache tu. Bustani ya nyumba ile ndiyo ikawa maabara yake.

Usidhani kwamba maabara hiyo ilikuwa na vyombo vya ajabu. Alikuwa na vyungu vya udongo, bilauri, sahani, mchanga, wavu na rula. Baadaye, mwaka 1863, alijengewa nyumba ya vioo yenye joto, kwa kuwa Uingereza ni nchi ya baridi na mimea mingi haiwezi kukua nje wakati wa kipupwe. Vitu vingine vyote waweza kuvipata hapo ulipo.

Sasa tutazame baadhi ya majaribio yake. Mwaka 1855 Darwin alitaka kujua jinsi mimea ilivyofika katika visiwa vilivyo mbali na bara. Je, mbegu zaweza kuelea baharini na bado zikaota? Watu wengi waliamini kwamba maji ya chumvi huua mbegu. Rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew, naye alikuwa na mashaka. Darwin akatia mbegu za figili, kabichi, saladi, karoti na vitunguu katika chupa za maji ya chumvi. Maji yale yalinuka vibaya, ikawa lazima kuyabadilisha. Kila baada ya siku kadhaa alitoa mbegu chache na kuzisia. Watoto wake waliona mambo haya kama mashindano ya mpira, wakawa wanamwuliza baba yao kila mara kama atamshinda Bwana Hooker.

Alimshinda, lakini si kwa urahisi. Katika aina 87 za mbegu alizozijaribu, aina 64 ziliota baada ya kukaa katika maji ya chumvi siku 28. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha akagundua jambo ambalo hakulitazamia: mbegu nyingi, ingawa zilibaki hai, zilizama. Mbegu iliyozama haisafiri kwenda kisiwa chochote. Mtu mwingine angelificha jambo hilo. Darwin aliliandika wazi, kisha akaanza upya, safari hii kwa matawi yaliyokaushwa pamoja na matunda yake, akaona kwamba baadhi ya hayo yalielea kwa muda mrefu zaidi.

Jaribio la pili linatuhusu sana sisi wenye vitalu. Mwaka 1857 Darwin alilima kipande kidogo cha ardhi, urefu wake kiasi cha sentimita 90 na upana sentimita 60. Eneo hilo halizidi juu ya meza moja. Alikisafisha kabisa, kisha hakupanda kitu. Aliacha magugu yaote yenyewe. Kila siku alikwenda kutazama, na kila mche uliochomoza aliutia alama. Jumla ilikuwa miche 357. Kisha akaanza kuhesabu vifo. Miche 295 iliangamia, na wauaji wakubwa walikuwa koa pamoja na wadudu. Ilibaki 62 tu.

Tafakari hesabu hiyo. Miche ile haikukosa nafasi, kwa sababu ardhi ilikuwa imesafishwa na hapakuwa na mimea mikubwa ya kuisonga. Hata hivyo, katika kila miche sita, karibu mitano ilikufa. Nayo ilikuwa magugu, mimea ambayo sisi huiona kuwa haifi! Basi mche wa nyanya, ambao umelelewa na watu kwa vizazi vingi, utajilindaje peke yake? Shina lake ni laini, majani yake ni mawili matatu, na mizizi yake haijashuka chini. Koa mmoja au sota mmoja aweza kumaliza kazi yako ya wiki mbili kwa usiku mmoja. Ndiyo maana mlezi wa miche hukagua kitalu asubuhi na mapema, kabla jua halijawafukuza wadudu mafichoni. Hufukua udongo kidogo kando ya mche uliokatwa, na mara nyingi humkuta sota amejikunja papo hapo.

Darwin aliona katika kipande kile jambo kubwa kuliko hasara ya bustani. Kila mwaka mimea na wanyama huzaa watoto wengi kuliko wale wanaoweza kuishi. Wengi hufa wangali wachanga. Wanaosalia mara nyingi ni wale waliozaliwa na tofauti ndogo inayowafaa mahali walipo, nao huwarithisha watoto wao tofauti hiyo. Hivyo, kwa muda mrefu sana, viumbe hubadilika. Fikra hiyo aliieleza katika kitabu kilichotolewa mwezi Novemba, 1859, na kitabu hicho ndicho kilicholifanya jina lake lijulikane duniani kote. Hesabu ya miche 357 imo humo. Humo pia mna hesabu ya tope aliloliteka katika kidimbwi. Tope lenyewe lilikuwa vijiko vitatu tu vikubwa, na lilipokauka lilikuwa na uzito wa gramu 190 hivi. Alilifunika na kuliweka katika chumba chake cha kusomea miezi sita, aking'oa na kuhesabu kila mche ulioota. Ilipatikana miche 537. Ukikanyaga tope kando ya ziwa, kumbuka kwamba huenda umebeba bustani nzima katika nyayo zako. Ndege wa majini hufanya hivyo kila siku.

Lakini jaribio lingine lililomchukua muda mrefu lilianza kwa bahati. Darwin alikuwa amepanda matuta mawili ya mmea mmoja wa maua, yakiwa jirani. Tuta moja lilitokana na mbegu za maua yaliyopata chavua ya mmea wenyewe. La pili lilitokana na mbegu za maua yaliyopata chavua ya mmea mwingine. Yeye alikuwa akichunguza jambo lingine kabisa. Mimea ilipokomaa akashangaa: ile ya tuta la pili ilikuwa mirefu na yenye nguvu zaidi. Je, ilikuwa ni udongo? Je, ilikuwa ni bahati? Akaamua kuchunguza kwa makini, na kazi hiyo ilimchukua miaka 11.

Hapa kulikuwa na jambo lililomgusa moyoni. Darwin na mkewe walikuwa ndugu wa damu, kama tulivyosema. Walizaa watoto kumi, na watatu kati yao walikufa wangali wadogo. Binti yao Annie, ambaye baba yake alimpenda sana, alifariki mwaka 1851 akiwa na umri wa miaka 10. Darwin alikuwa na wasiwasi kwamba huenda afya dhaifu ya watoto wake ilitokana na undugu wa wazazi wao. Mimi sidhani kwamba twaweza kuchukua hesabu za vyungu vya maua na kuzihamishia kwa watu bila uangalifu, na kifo cha mtoto chaweza kuwa na sababu nyingi. Lakini yafaa ujue kwamba mtu huyu, alipoinama juu ya miche yake na rula mkononi, hakuwa akicheza.

Angalia jinsi alivyolea miche hiyo, kwa kuwa hapa ndipo penye funzo la kazi. Kwanza alifunika maua kwa wavu ili nyuki wasiingie na kuchanganya chavua. Chavua aliihamisha kwa mkono wake. Mbegu zilipopatikana, aliziweka juu ya mchanga wenye unyevu ndani ya bilauri, mbegu za aina moja upande huu na za aina ya pili upande ule, zikitengwa na kizuizi. Alifunika bilauri kwa kioo na kuiweka mahali penye joto. Ilipotokea kwamba mbegu moja ya kila upande zimeota wakati mmoja, alizichukua zote mbili akazipanda katika chungu kimoja, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Hivyo hakuna mche uliotangulia mwenzake.

Udongo wa chungu aliuchanganya vizuri ili usiwe na rutuba zaidi upande mmoja. Alimwagilia pande zote mbili wakati mmoja na kwa kiasi kilekile. Tena, kizuizi kilichotenganisha miche alikielekeza daima kwenye dirisha au upande ulikotoka mwanga, ili kila upande upate mwanga sawa. Unaona sababu? Kama mche mmoja ungalipata maji mengi au mwanga zaidi, Darwin asingalijua ni nini hasa kilichourefusha. Jaribio la haki hubadilisha jambo moja tu. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari, kila mwaka nilikuwa na mwanafunzi aliyeweka chungu chenye mbolea juani na chungu kisicho na mbolea nyuma ya mlango, kisha akaleta habari kwamba mbolea inafaa. Inafaa kweli, lakini yeye hakuwa ameonyesha hivyo.

Mmea mmoja aliouchunguza kwa vizazi kumi ni ua la kutambaa lililo jamaa ya kiazi kitamu. Katika kizazi cha kwanza, mimea iliyotokana na chavua ya mmea mwingine ilifikia urefu wa sentimita 218 kwa wastani, na ile iliyotokana na chavua yake yenyewe sentimita 167. Kwa vizazi vyote kumi, wastani ulikuwa 100 kwa 77. Lakini katika kizazi cha sita ulitokea mche mmoja wa upande dhaifu ambao ulimshinda mshindani wake kwa sentimita moja na kitu. Darwin alistaajabu hata akaupa jina la Shujaa, akatunza mbegu zake, na kuuandika katika kitabu chake cha mwaka 1876 ingawa uliharibu unyofu wa hesabu zake. Mkulima anayejitengea mbegu za mahindi kila msimu hana budi kuyafahamu mambo haya. Mbegu iliyotoka katika mhindi mmoja uliojichavusha mara kwa mara huzaa miche hafifu. Ni heri kuchagua magunzi mazuri kutoka katika mimea mingi.

Sasa tuje kwenye miche iliyopinda. Mwaka 1876 mwanawe Darwin aitwaye Francis alifiwa na mkewe, akarudi kuishi kwa wazazi wake pamoja na mtoto mchanga. Francis alikuwa amesomea udaktari, lakini alipenda mimea. Mzee na mwanawe wakafanya kazi pamoja. Walichukua mbegu za nyasi ambazo huko Ulaya hulishwa ndege wa kufugwa, wakaziotesha gizani. Mche mchanga wa nyasi, kama ule wa mtama au mahindi, huchomoza ukiwa ndani ya ala iliyochongoka. Wakauweka mbele ya dirisha au taa. Baada ya saa chache ala ilipinda kuelekea mwanga. Lilikuwa jambo la kawaida, kila mtu alilijua. Swali lao lilikuwa jingine: ni sehemu gani ya mche inayoona mwanga?

Wakatengeneza vikofia vidogo visivyopitisha mwanga, wakaivika ncha za miche fulani. Miche mingine waliivika vikofia vya kioo kinachopitisha mwanga, ili pasiwe na mtu wa kudai kwamba uzito wa kofia ndio uliozuia kupinda. Mingine tena waliifukia sehemu ya chini kwa mchanga mweusi laini, wakaiacha ncha wazi. Miche yenye kofia za giza ilisimama wima, ingawa sehemu yake ya chini iliangazwa na mwanga. Ile ya kofia za kioo ilipinda. Na ile iliyofukiwa, ambayo sehemu yake ya chini ilikuwa gizani kabisa, nayo ilipinda hukohuko chini. Maana yake ni kwamba ncha ndiyo inayopokea mwanga, lakini sehemu ya chini ndiyo inayopinda. Basi kuna kitu kinachosafiri kutoka nchani kwenda chini. Kitu gani? Hawakujua, nao hawakujifanya kujua.

Kitabu chao kilitoka mwaka 1880. Julius Sachs, profesa wa Ujerumani aliyeheshimiwa kuliko wote katika elimu hiyo, aliyadharau majaribio yao, hasa yale ya mizizi. Hilo lilikuwa jambo gumu kwa Francis, kwa kuwa alikuwa amepata kujifunza katika maabara ya Sachs mwenyewe. Charles Darwin alifariki tarehe 19 Aprili, 1882, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey jijini London, kabla hajajua nani aliyekuwa sahihi. Jibu lilikuja baada ya yeye kufa. Mapema katika karne ya 20, Mdenmark Peter Boysen-Jensen alionyesha kwamba ujumbe ule hupita hata katika utomvu mzito uliowekwa kati ya ncha na shina. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alitangaza jinsi alivyoukusanya na kuupima. Dawa hiyo ya mmea huitwa auksini. Hukusanyika upande wa shina ulio kivulini, upande huo hurefuka haraka kuliko wa pili, na mche hupinda kuelekea mwanga.

Ukishajua hivyo, kitalu chako utakitazama kwa macho mengine. Miche iliyobaki chini ya nyasi nzito kwa siku nyingi hurefuka haraka ikitafuta mwanga, nayo huwa myembamba, dhaifu na rangi ya manjano. Kwa hiyo ondoa matandazo mara tu miche inapochomoza, ujenge kichanja cha kivuli chepesi juu yake, na punguza kivuli hicho kidogo kidogo siku zinavyopita. Miche iliyosongamana ipunguze, la sivyo itapigania mwanga, na hewa ikikosa kupita kati yake, ugonjwa wa kinyausi utaiozesha mashina usawa wa udongo. Maji mengi mno huukaribisha ugonjwa huo.

Wewe pia waweza kurudia jaribio la Darwin. Sia punje 12 za mtama katika makopo matatu yenye udongo, nne katika kila kopo, uyaweke katika sanduku lenye giza. Ala zinapofikia urefu wa sentimita mbili, toboa tundu moja ubavuni mwa sanduku na uligeuzie dirishani. Miche ya kopo la kwanza uivike nchani vikofia vya karatasi ya fedha, ya kopo la pili uizungushie karatasi hiyo sehemu ya chini ncha zikiwa wazi, na ya kopo la tatu uiache kama ilivyo. Mwagilia makopo yote kwa kipimo kimoja. Kesho yake fungua sanduku, uhesabu miche iliyopinda katika kila kopo, na uandike katika daftari lako hesabu uliyoiona, hata kama si ile uliyoitazamia.